YAH: Malalamiko kuhusu bunduki ya upepo ambayo darubini yake inateleza

Columbia, Missouri
3 Juni 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Mhudumu wenu wa simu aliniambia mna mkalimani, ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, nisije nikapunguza jambo.

Tarehe 20 Aprili nilinunua dukani kwenu bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, saizi .22, kwa dola 189 pamoja na darubini yake ya kulengea. Kwetu Kigoma nilikua nikifukuza kindi kwa manati kwenye mahindi ya baba, kwa hiyo msimu wa hapa wa kuwinda kindi niliungoja kwa hamu. Nikakata leseni ya wanyama wadogo, nikaenda shambani kwa rafiki yangu kuirekebisha darubini ilenge sawasawa. Kwa yadi 20, risasi tano ziliingia kwenye duara lisilozidi sarafu. Nikaridhika.

Msimu ulifunguliwa Jumamosi ya tarehe 25 Mei. Sheria inaruhusu kindi 10 kwa siku. Mimi nilitaka wawili tu wa mchuzi. Saa moja asubuhi kindi wa kijivu alitulia kwenye tawi la mwaloni, yadi 20 hivi. Niliegemeza bunduki kwenye shina, nikalenga chini kidogo ya sikio, nikafyatua taratibu. Risasi ikampata nyongani. Alining'inia kwa miguu ya mbele, akajivuta, akaingia kwenye tundu la mti. Kwa dakika kama kumi tulimsikia akikwaruza humo ndani, nami sina namna ya kumfikia nimmalize. Mwanangu wa miaka 12 alikuwa kando yangu. Aliniuliza, "Baba, bado anaumia?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Sikufyatua tena siku hiyo. Tulirudi shambani kwa rafiki, nikapiga kwenye boksi kwa umbali uleule: risasi zote zilikwenda kushoto, upana wa kiganja kutoka nilipolenga. Kutazama vizuri, nikakuta vishikizo vya darubini vimerudi nyuma na kuacha mkwaruzo mweupe kwenye reli, yaani mfuo wa juu ya bunduki wanapofungwa. Kitabu chenu, ukurasa wa maelekezo ya kufunga darubini, kinaonyesha pini ya kuzuia inayoingia kwenye tundu la juu ya bunduki. Tundu lipo. Pini haipo, wala kwenye vishikizo hakuna mahali pa kuiweka. Bunduki ya springi kama hii hupiga teke nyuma kisha mbele, na ninyi watengenezaji mnalijua hilo kuliko mimi. Mliifungashaje bila pini?

Nilipiga simu tarehe 28. Nikaambiwa nikaze skrubu. Nimekaza mara tatu, mpaka kichwa cha skrubu moja kimeliwa, na darubini bado inarudi nyuma. Nilipopiga tena nikaambiwa siku 30 za kurudisha bidhaa zimepita, na kwamba dhamana ya mwaka mmoja ni ya bunduki, si ya darubini. Mbona boksi ni moja, bei moja na risiti moja?

Kuna na hili. Boksi limeandikwa futi 1,000 kwa sekunde. Rafiki yangu ana kipima kasi. Kwa risasi za kawaida za madini ya risasi (lead), zenye uzito wa grein 14.3 (karibu gramu moja), tulipata futi 740 kwa wastani. Maandishi madogo ubavuni yanasema kipimo chenu ni cha risasi nyepesi za aloi. Mwindaji huchagua umbali kwa kuamini namba ile kubwa. Iandikeni kwa risasi ambazo watu wanawindia.

Naomba mnitumie vishikizo vyenye pini pamoja na darubini inayostahimili teke la springi, au mnirudishie dola 189 zote. Naomba pia muwaarifu wengine walionunua aina hii kabla hawajaingia msituni. Nakala ya risiti, picha za reli na boksi lenye matundu nimeambatanisha. Nitasubiri majibu ya maandishi hadi tarehe 17 Juni.

Wenu,
Mteja