Mgeni rasmi alikula saa zetu za mafunzo

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi hapo kwenye ukurasa wa barua. Wiki iliyopita mliandika kuhusu mkutano mmoja wa kitaaluma wa kompyuta uliofanyika hapa nchini, mkasema ulifana na washiriki walipata warsha na mafunzo ya kisasa, na picha ya pamoja mkaiweka kubwa kweli. Sina ugomvi na picha. Ila mimi nilikuwa mmoja wa waliofundisha hayo mafunzo ya kisasa, tena kwenye picha nipo, mstari wa nyuma kabisa, nusu ya uso imezibwa na kofia ya mtu, basi niacheni niwaambie wasomaji yalikuwaje.

Ratiba ilisema tuanze saa tatu kamili asubuhi tumalize saa sita. Tulikuwa na watu 60, wengi wanafunzi, na kazi yenyewe ilikuwa kuifundisha kompyuta itambue majina ya watu na ya mahali ndani ya habari za Kiswahili. Saa tatu na robo, projekta imeshawaka, watu wameshafungua laptopu, anaingia mtu wa itifaki anatuambia samahanini tupishe, ukumbi huuhuu ndo wa ufunguzi na mgeni rasmi yuko njiani. Njiani wapi jamani, alifika saa tano kasoro dakika kumi. Akaja na hotuba, kabla ya hotuba utambulisho, kila mkuu wa idara asimame apunge mkono, halafu picha, halafu chai. Tumerudi ukumbini ni saa sita kasoro robo na saa saba chakula, na wote tunajua chakula cha mkutano hakimngoji mtu. Kwa hiyo somo la saa 3 nikabaki nalo saa moja na robo.

Hapo bado hatujafika kwenye intaneti. Programu waliyotakiwa kuiweka kwenye mashine ilikuwa na kama MB 900. Watu 60 mara MB 900 ni GB 54. Laini ya ukumbi tuliambiwa ni Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, na biti 8 ndo zinafanya baiti moja, ukipiga hesabu kwa utaratibu unapata saa 6 kamili, tena hiyo ni kama laini haiyumbi na hakuna mtu anaangalia mpira, sasa saa 6 unazitoa wapi mtu mwenye saa moja na robo? Ukumbi mzima watu wametulia wanatazama kamstari ka asilimia, 3, 3, 4, 3, na mimi mbele nachekesha watu ili muda uende. Soketi zilikuwa nne, ukutani, ekstensheni moja, na hiyo ilikuwa imechukuliwa na birika la chai.

Nikiri na langu. Linki niliwatumia usiku wa kuamkia siku yenyewe, saa nne, wakati nusu yao wako kwenye basi. Ningewatumia wiki 2 kabla, na maelekezo ya neno kwa neno, theluthi yao wangekuja tayari. Na ningebeba flashi 6 tu, tukazizungusha mezani, kazi ingeisha ndani ya nusu saa (najua, najua, flashi za watu zina virusi, ndo maana unanunua mpya). Au ruta ndogo hata isiyo na bando, unaiunganisha na laptopu moja yenye mafaili yote, watu wanavuta humohumo ndani bila kugusa intaneti ya nje. Wala sio maajabu, nimeiona ikifanyika.

Nadhani shida yetu kubwa imejificha kwenye neno lenyewe, warsha. Hapa kwetu ukisema warsha mtu anaona begi la kitambaa, daftari, kalamu yenye jina la mradi, soda mbili na posho. Kwa watu wa kompyuta warsha ni mkutano mdogo ndani ya mkutano mkubwa, wenye mada moja, unaita makala zake wenyewe, zinapitiwa na watafiti wengine kabla ya kukubaliwa, unaalika wazungumzaji wachache, mchana watu wanasimama kwenye mabango ya tafiti zao wanabishana. Mafunzo ni kitu kingine kabisa, hapo kuna mwalimu na kuna mtu aliyekuja kujifunza akiwa hajui. Mkivichanganya vyote mkaviita warsha, mnaishia na mtu anasoma slaidi 90 na hakuna aliyegusa kompyuta, ila vyeti wote wanapata.

Tena wenzetu kuandaa vitu hivi hawabahatishi. Mikutano mikubwa ya lugha na kompyuta, ile ya ACL, chama cha kimataifa cha fani hiyo, na ndugu zake, inatoa tangazo moja la pamoja miezi mingi kabla, ukitaka kufundisha unaandika andiko, unaeleza somo ni la nani, anatakiwa awe anajua nini kabla hajaja, utapita wapi na wapi, na wewe mwenyewe umewahi kufundisha nini. Kawaida unapewa saa 3 na mapumziko ya nusu saa katikati, na mafunzo yana siku yake, hayaparamiani na ufunguzi. Ule mkutano mkubwa wa akili bandia, NeurIPS, zamani ukifanyika Denver, Marekani, warsha zilikuwa zinapandishwa kabisa milimani kwenye hoteli za theluji, mchana mapumziko marefu watu wanaenda kuteleza kwenye theluji, wanarudi jioni kuendelea. Sisemi tuhamie Kilimanjaro! Nasema warsha ilipewa mahali pake na saa zake, hakuna wa kuja kuwatoa.

Na msije mkaniambia hayo ni ya wazungu. Mwaka 2019 Deep Learning Indaba, mkutano wa Waafrika wa kufundishana akili bandia, ulifanyika hapo Nairobi, Chuo Kikuu cha Kenyatta, mimi nilienda kwa basi, miguu ikavimba, na ndo nilipoona mafunzo ya vitendo yanavyotakiwa kuwa. Kazi unafanyia ndani ya brauza, mashine yenyewe iko mbali, kwa hiyo hata mwenye laptopu ya kuazima anaenda sawa na mwenye mpya, na wasaidizi wanatembea kati ya meza, ukikwama hungoji mwalimu wa mbele akuone. Watu waliokutana kwenye mambo kama hayo ndo wengine wakaja kuendesha Masakhane, kundi la watafiti wa lugha za Afrika kwenye kompyuta, na mwaka 2021 ikatoka data ya kutambua majina kwa lugha 10 za Afrika, Kiswahili kimo. Somo langu lilitegemea data hiyohiyo. Kwa hiyo naposema tusiyapuuze mafunzo sijaokota hoja barabarani, somo lenyewe nililokuwa nafundisha limetoka huko.

Mkutano wa ICLR, mwingine mkubwa wa akili bandia, nao ulikuwa uje Addis Ababa mwaka 2020, korona ikaupeleka mtandaoni, mwaka 2023 ukaja Kigali mwezi wa 5, na siku za mwisho zikawa za warsha, ikiwemo ya AfricaNLP, ya lugha za Afrika kwenye kompyuta. Kwa Mtanzania Kigali ni basi tu. Linganisha na 2018, warsha ya Black in AI, kundi la watafiti weusi wa akili bandia, kule Montreal, watafiti wengi wa Afrika wakanyimwa viza za Kanada, mtu makala yake imekubaliwa na bango lake limechapwa, yeye kabaki nyumbani. Mambo yakisogea karibu hivi halafu saa za mafunzo tukazile sisi wenyewe kwa hotuba, inauma zaidi kuliko viza.

Wale waandaaji nilishawaambia ana kwa ana, wakasema wamepokea maoni. Basi naweka hapa hadharani. Mafunzo yafanyike siku moja kabla ya ufunguzi, mgeni rasmi afungue kesho yake, tena ukumbini kwake. Ukumbi wa mafunzo ukaguliwe na mtu anayejua anakagua nini, ahesabu soketi, na asiishie kuuliza waifai ipo, aunganishe simu 10 kwa mpigo aone inakuwaje. Anayefundisha awe na wasaidizi wasiopungua wanne kwa watu 60, mimi nilikuwa na mmoja na yeye ndo alikuwa anagawa chai. Na kuna kale kaujanja ka watu wa Software Carpentry, wale wanaofundisha watafiti kuandika programu, kila mshiriki anapewa vikaratasi viwili vya kunata vya rangi tofauti, rangi moja akiibandika mgongoni kwa laptopu maana yake naenda vizuri, nyingine maana yake nimekwama njoo. Bei yake ni chini ya soda moja kwa mtu, na inawasaidia sana wanafunzi wetu ambao kunyoosha mkono mbele za watu wanaona aibu, bora akae na kosa lake kimya mpaka jioni.

Halafu suala la posho. Waliofundisha hatukulipwa kitu, sawa, ni kujitolea, nilijua tangu mwanzo. Ila wenyeviti wa vikao walilipwa, na mwenyekiti wa kikao changu kazi yake ilikuwa kuniambia zimebaki dakika tano. Hili naliachia hapo.

Nimalizie na dada mmoja wa mwaka wa pili. Wakati wote wanakimbilia chakula alinifuata kwenye korido na flashi yake, akaniomba mafaili yote na yale ambayo sikufika. Nikampa, nikajua yameishia hapo. Jumanne akanitumia meseji, programu imekubali baada ya siku 2 za kuhangaika, kaipa habari za gazeti na inakamata majina mengi vizuri, isipokuwa kila ikiona Tabora inasema ni mtu. Akauliza, mwalimu hapa nimekosea wapi? Hajakosea popote, kusahihisha makosa ya aina hiyo kulikuwa kwenye saa ya tatu ya somo.

Msomaji wako,
Mhadhiri msaidizi, Dodoma