Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: ule mfuko wa chakula cha vifaranga bado ninao

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia mimi mfugaji mdogo wa kuku, mkazi wa kijiji kimoja kando ya Ghuba ya Mwanza. Jina langu hutalikumbuka, ila mkutano utaukumbuka. Ilikuwa mwezi wa tatu, chini ya mwembe wa shule ya msingi, wingu limetanda juu ya ziwa nawe ukakataa kukatisha hotuba. Nilisimama nikauliza kuhusu chakula cha vifaranga kinachouzwa madukani kwetu. Ulijibu mbele ya watu wote kwamba ndani ya siku thelathini wataalamu watapita duka kwa duka, watachukua sampuli, zitapimwa, na majibu yatabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Tulikupigia makofi. Mimi tarehe niliiandika kwenye daftari langu la kuku. Sasa ni mwezi wa nane. Kila nikipita kwa mtendaji nautazama ule ubao, na majibu hayapo.

Jumamosi iliyopita nimefukia vifaranga kumi na tisa kwa siku moja. Ndiyo sababu naandika.

Mwezi uliopita tulichukua vifaranga chotara (mchanganyiko wa kuku wa kienyeji na wa kisasa) 400 wa siku moja, mimi 300 na jirani yangu 100. Walitoka mahali pamoja, wakaja kwa gari moja. Hata chanjo tulitumia chupa moja, maana chupa ya dozi 500 ukishaichanganya huwezi kuiweka hadi kesho, kwa hiyo wafugaji wadogo tunachangiana. Siku ya 7 tuliwapa ya ugonjwa wa mdondo, siku ya 14 ya ugonjwa wa gumboro, asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa maji ya kisima yasiyo na dawa. Bruda, yaani sehemu ya kuwatunzia vifaranga kwa joto, niliizungushia maboksi, nikaweka majiko mawili ya mkaa na kipimajoto: wiki ya kwanza nyuzi 33, kisha nikawa nashusha kidogo kidogo. Usiku wa tano jiko moja lilizimika. Nakiri. Niliamka saa tisa nikakuta wamerundikana kona moja, wanne wamekufa. Hao wanne ni juu yangu.

Waliobaki wote kwa jirani na kwangu wametofautiana kitu kimoja, chakula. Jirani huchanganya mwenyewe: mahindi aliyoyavuna na kuyaanika juu ya turubai, mashudu ya alizeti, soya iliyokaangwa, dagaa waliopepetwa, chokaa, chumvi kidogo na premiksi, ule unga wa vitamini na madini. Mimi nilinunua stata, chakula cha kuanzia cha vifaranga, mifuko mitatu ya kilo 50, shilingi 82,000 kila mmoja, nikiamini cha dukani ndicho cha kitaalamu. Yeye amepoteza vifaranga watano. Mimi hadi jana jioni nimebakiwa na 131.

Mheshimiwa, hawakufa kwa mara moja. Ingekuwa afadhali. Wiki ya pili wa jirani walianza kuota manyoya ya mabawa, wangu wakabaki na manyoya laini ya utotoni, mabawa yanawaning'inia. Vidole vikajikunja kwa ndani, wengine wakawa wanatembelea visigino. Kuanzia hapo wakazubaa, wakaharisha, nikawa naokota watatu, saba, kumi na moja. Afisa ugani wetu, ambaye namheshimu kwani ana kata tatu na pikipiki isiyo na mafuta, alikuja akampasua mmoja mbele yangu. Ini lilikuwa la njano, limevimba. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema vidole kujikunja huenda ni upungufu wa vitamini, na ini lile linamtia shaka ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye chakula, ila yeye hana cha kupimia.

Nimeumia zaidi kwa maneno yako ya siku ile. Ulisema wafugaji wa huku hawachanji, ndiyo maana kuku wao wanakwisha. Mimi nilichanja! Sumukuvu inapoingia kwa kifaranga hudhoofisha kinga yake ya mwili, kwa hiyo hata aliyechanjwa anaweza kuugua kana kwamba hakuchanjwa. Sasa mama aliyeamka saa kumi na moja kuchanganya chanjo ndiye anayeambiwa mzembe.

Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga au mashudu yasiyokauka vizuri. Kusaga hakuiondoi, na kwenye unga huioni kwa macho. Dunia iliijua kwa mifugo: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, ikaonekana mashudu ya karanga waliyolishwa yalikuwa na ukungu. Sisi wenyewe tuliijua kwa watu, mwaka 2016, Dodoma na Manyara, familia zilipokula mahindi yenye sumu hiyo na kuzika. Tena haiishii kwa kuku. Ng'ombe akila chakula chenye sumu hiyo, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, ndama ananyonya, na mtoto wa nyumbani anakunywa kikombe chake.

Labda si sumukuvu peke yake. Nilichukua glasi, nikatia vijiko vitatu vya ile stata, nikajaza maji, nikakoroga, nikaacha itulie. Chini pakakaa mchanga mweupe. Nilirudia kwa mfuko wa pili nikamwita mume wangu aone. Kila mtu wa ufukweni anajua unakotoka. Dagaa huanikwa juu ya mchanga, na anayewafagia kuwakusanya hufagia na mchanga. Kipindi cha mbalamwezi mitumbwi haiendi dagaa, bei inapanda, na mimi nadhani ndipo mchanga unapozidi kwenye magunia, kwa kuwa unalipiwa kwa kilo kama dagaa. Kifaranga anahitaji protini sehemu kama 20 katika kila 100 za chakula chake. Mchanga hauna hata moja. Na wapo wanaosema mashudu ya pamba nayo yanatiwa humo kwa kuwa huku kwetu kwenye pamba ni ya bei nafuu. Ng'ombe mkubwa huyahimili, kifaranga hapana, yana sumu yake. Sina uhakika kama yamo. Nitajuaje? Mfuko ule hauna lebo, hauna tarehe, hauna jina la aliyetengeneza. Umeshonwa kwa uzi mwekundu, basi.

Sheria ipo. Ya nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo, ya mwaka 2010. Wakala wa Maabara ya Veterinari ina kituo hapa hapa Mwanza. Kama kuna kipimo kinachotakiwa kwenda Dar es Salaam, sampuli ya kilo mbili inapanda basi jioni, kesho imefika. Sikuombi ujenge kitu, Mheshimiwa. Naomba sampuli zichukuliwe.

Nilikopa 900,000 kwenye kikundi chetu cha akina mama. Marejesho ni kila Ijumaa, na wiki mbili hizi wenzangu wamenilipia wakiwa na shida zao. Kuku hawa walikuwa wa Januari, binti yangu anaingia kidato cha kwanza: sare, godoro, nauli. Ameshaacha kuniuliza wamebaki wangapi. Anahesabu mwenyewe akirudi shule, halafu anaingia ndani.

Sitaki muuza duka afungwe. Huenda naye ameletewa hivyo hivyo. Sitaki fidia, ingawa wenzangu wanasema nidai. Nataka sampuli zichukuliwe kwenye maduka yote, sio la kwangu tu, zipimwe sumukuvu, protini na mchanga, na majibu yabandikwe pale ulipotuahidi. Yakionyesha chakula ni kizima na kosa ni langu, nitasimama mkutano ujao niseme hivyo mbele ya watu walewale. Lakini zichukuliwe. Wapo akina mama wanne kikundini wameshalipia vifaranga vya mwezi ujao, na wote watanunua chakula palepale, kwa sababu hakuna pengine.

Mfuko wa tatu sijaumaliza. Nimeufunga, nimeuweka juu ya benchi mbali na unyevu, nimeuandikia tarehe niliyonunua. Ukimtuma mtu wako, aulize kwa afisa ugani, atamleta hadi mlangoni. Asubuhi huwa nipo bandani, jioni nipo nyumbani kuanzia saa kumi.

Wako mtiifu,
Mfugaji, Ghuba ya Mwanza