Barua ya kufunga muhula wa kwanza: majahazi, Fort Jesus na zile simu mlizonipigia

Wazazi wetu, assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa wale wengine hamjambo.

Tunafunga Ijumaa saa sita mchana, ripoti fomu mtazipata kwa walimu wa darasa. Mwenye salio la karo aje tuongee, sifukuzi mtoto wa mtu lakini na nyinyi msinizimie simu. Matokeo kwa jumla si mabaya, hesabu za gredi ya 8 bado zinatutoa jasho, Kiswahili kimepanda. Hayo mengine mtajisomea wenyewe, mimi barua hii nataka kuongea juu ya ile mada ya biashara ya majahazi na ukoloni manake imenijazia simu na voisi noti muhula mzima.

Mzazi mmoja alinipigia usiku akaniuliza kwa nini mtoto wake amerudi nyumbani anasema Waarabu walikuwa wauza watu. Mwingine kesho yake akasema shule inawasifu Wazungu kwamba ndo waliotukomboa. Wa tatu, mzee wangu ninayemheshimu sana, akasema haya yote ya nini, ni kuchokonoa vidonda, fundisheni watoto kompyuta. Nawajibu wote pamoja hapa.

Kwanza walichofundishwa. Tulianza na upepo, kwa sababu bila upepo hakuna kitu utaelewa hapa pwani. Kaskazi inaanza kama Desemba inayaleta majahazi kutoka Oman, Yemen, Ghuba na bara Hindi, halafu kusi ikishika kuanzia Aprili, yaani siku hizi hizi tunazofunga shule, manahodha walikuwa wanapakia na kurudi kwao. Walikuja na tende, papa mkavu, mazulia, makasha, vyombo vya shaba, wakarudi na pembe za ndovu, mtama, na boriti za mikoko za Lamu na Rufiji. Boriti watoto walizipenda sana walipojua kwamba kule Ghuba miti ya kujengea ilikuwa shida, kwa hivyo upana wa chumba cha nyumba ya zamani huko ulitegemea urefu wa boriti iliyokatwa huku kwetu. Wakaenda wakapima vyumba vya nyumba za Mji wa Kale kwa hatua, zile ambazo wenyewe walituruhusu kuingia, na kweli vyumba ni virefu vyembamba. Siku hiyo hakuna mtoto aliyeomba kwenda chooni.

Na kwa sababu ilibidi mtu angoje upepo ugeuke, alikaa, akaoa, akawa na mashemeji. Kuna maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanasema tayari wakati huo mabaharia wa Kiarabu walikuwa wanaoana na watu wa pwani hii na wanajua lugha yao. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipopita hapa Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wanakula zaidi ndizi na samaki na misikiti yao ni ya mbao imejengwa kwa ustadi. Kwa karne nyingi ilikuwa hivyo, bandari kila moja na mkubwa wake, Kilwa wake, Malindi wake, Mombasa wake, wanagombana ndiyo, lakini mwenye chombo alilipa ushuru akauza mali yake akaondoka.

Mreno ndo aliyekuja na kitu kipya. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, mambo hayakumwendea vizuri, akasonga mpaka Malindi wakampa rubani akavuka mpaka Calicut, India. Miaka saba baadaye, 1505, mkubwa mwingine wa Wareno, Francisco de Almeida, akaipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Halafu wakaleta ile kibali yao, chombo kikikutwa baharini bila karatasi ya Mreno kinakamatwa na mali inachukuliwa. Hebu fikiria bahari ambayo babu zako wamesafiri miaka yote, leo mgeni anakuuliza laisensi.

Fort Jesus wakaanza kuijenga 1593, na hapo ndo tulipowapeleka watoto. Yule mwongozaji aliyetuzungusha alikuwa mzuri, hakusoma kwenye karatasi. Mtoto mmoja akamuuliza sasa hii ngome ni ya nani, akacheka akasema ukitaka jibu fupi utakosa. Mreno ameijenga. Mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, mtoto wa kifalme wa hapa Mombasa ambaye Wareno walimlea Goa kule India wakambatiza, aliwageuka akamuua kapteni wao na kuichukua, kisha mwaka uliofuata akaiacha akaenda zake baharini. Wareno wakarudi. 1696 Waomani wakaizingira, ikaanguka Desemba 1698, karibu miaka mitatu watu wanakufa ndani kwa njaa na maradhi. Meli ya Wareno iliyokuja kuwasaidia, Santo António de Tanná, ilizama 1697 hapo hapo chini ya ngome, na vitu vilivyotolewa na wapiga mbizi viko ndani ya jumba la makumbusho. Watoto walisimama hapo kwenye kioo muda mrefu kuliko kwenye mizinga. Baadaye Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa, baadaye 1837 Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, baadaye Mwingereza akaifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958.

Sasa mzazi wa kwanza. Ndiyo, tumewafundisha kwamba Waomani hawakuja kama wachuuzi peke yake, baada ya kumfukuza Mreno waliweka maliwali na wanajeshi, na karne ya 19 mashamba ya Malindi na ya karafuu Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, na misafara ya bara ilirudi na pembe na watu. Watoto wenu wanapita Kengeleni kila siku na matatu, ile kengele iliwekwa na watu wa Freretown, watumwa walioachiwa huru, ipigwe wakiona hatari ya kuja kukamatwa tena. Siwezi kuwa na shule hapa nikanyamaza juu ya kengele. Lakini pia walifundishwa kwamba Waswahili wenyewe waliuza na kumiliki, na wakubwa wa bara waliuza, tena Mfaransa Morice mwaka 1776 aliandikiana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, leo Mauritius na Réunion. Pembe nazo nyingi ziliishia Marekani zikawa vinanda. Kwa hivyo mtoto akirudi na sentensi moja tu, muulize na hizo nyingine.

Mzazi wa pili, sijui nani alimsifu Mzungu, si mwalimu wangu. Waingereza walimlazimisha Sultan Barghash wa Zanzibar asaini mwaka 1873 soko la watumwa lifungwe, alikataa mpaka alipotishiwa kuzingirwa na manowari. Kufunga soko lile ni jambo jema, silipunguzi hata kidogo. Lakini angalia kilichofuata, 1886 wao na Wajerumani wakakaa Ulaya wakagawana bara, Sultani wakamwachia visiwa na ukanda wa maili kumi, sisi tukiwemo, hakuna aliyeulizwa. Wakaja na kampuni ya biashara kututawala, kampuni ikafilisika, 1895 serikali yao ikachukua na Sultani akawa analipwa kodi ya ardhi kama mwenye nyumba. Na utumwa wenyewe hapa pwani ya Kenya uliondolewa kisheria mwaka 1907, miaka 12 baada ya bendera yao kupanda. Watoto wa gredi ya 8 waliiona hiyo wenyewe kwenye tarehe, mimi sikuwaongoza.

Na mzee wangu wa tatu, nakuheshimu, ila kidonda hiki hatujakichokonoa sisi. Muhula huu nimewaita ofisini wavulana wanaoitana mtumwa, na mwingine anaitwa Mwarabu koko, na hayo hawakuyatoa darasani, wameyatoa majumbani wakisikia watu wazima wanapiga soga. Nimewapa adhabu ya kufagia uwanja na kuandika insha, na muhula ujao atakayerudia nitamwita na mzazi wake. Mada haitaondolewa. Tutaendelea nayo, tumefika kwenye 1963 na makubaliano ya ukanda wa pwani, Sultani alipouachia Kenya, na hapo najua simu zitakuwa nyingi zaidi.

Kazi ya likizo ni hii. Kila mtoto aongee na mzee mmoja, babu, bibi, jirani, mvuvi, hamali mstaafu wa bandari, yeyote, amuulize anakumbuka nini juu ya majahazi ya Arabuni, yalileta nini, mabaharia walilala wapi, walikula nini. Aandike kurasa mbili kwa mkono. Tafadhali msiwaandikie, na asikopi kwa intaneti, mwalimu anawajua, muhula uliopita tulipata insha sita zenye makosa yale yale. Kama nyumbani kuna picha ya zamani au kasha au barua, mtoto aipige picha kwa simu, asiilete shuleni, vitu vya wazee visipotee kwenye mikoba. Na kama mzee hataki kuzungumzia jambo fulani, mtoto aache, asimlazimishe.

Pesa ya trip ya Fort Jesus, waliolipa mara mbili kwa M-Pesa waje kwa karani, pesa yao ipo. Sweta, viatu vya mguu mmoja mmoja na chupa za maji zimejaa stoo, njooni mchague kabla ya Ijumaa, zitakazobaki tunagawa.

Mwalimu Mkuu