Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kila mtu kwake sawa, lakini tiketi haitoki

Asalaam aleikum wanajumuiya. Ya ada sisemi, mshika fedha atayasoma mwenyewe na wanaodaiwa wanajijua.

Mwaka huu tumehangaika na mifumo mikubwa iliyoundwa kwa mifumo mingine ndani yake, na kila mmoja wa hiyo ya ndani una mwenyewe na unajiendesha hata ukiutoa peke yake. Mark Maier, mtaalamu wa uhandisi wa mifumo, aliyaandika haya 1998, ila sie Unguja tuliyasoma kizani. Umeme ulipokatika Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ulokufa ni umeme lakini kilichotutoa jasho ni ndoo, maana pampu nyingi za maji zilikuwa zinategemea waya ule ule wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara. Mtu wa maji hajaharibu kitu na maji hana. Waya wa pili, wa megawati 100, tumeupata 2013.

La mwaka huu ni dogo zaidi. Nilikuwa bandari ya Mkoani, Pemba, bibi mmoja na pakacha lake la embe, simu yake inasema malipo yamepokelewa, kijana wa dirishani anasema "bibi kwangu hujalipa", na boti inapiga honi. Tumefatilia siku tatu. Kumbe watu wa malipo wameanza kutuma namba za simu zikianza na 255, wa tiketi wao bado wanasubiri zinazoanza na sifuri, kwa hivyo malipo hawayaoni, na kila mmoja kautesti mfumo wake ukapita, ukimuuliza anakwambia kwangu sawa. Na kweli kwake sawa! Mbovu ni pale wanapokutana, na pale hapana mwenyewe.

Kurekebisha ilikuwa mistari miwili tu ndani ya programu ya kompyuta. Kazi ilikuwa kuwakalisha pamoja, chai na maandazi mpaka magharibi, wakakubali kwamba anaebadilisha anachokituma aseme wiki moja kabla, wateste pamoja, na kila upande utoe namba ya mtu wa kupigiwa usiku, mtu khasa, sio ofisi.

Mie mwanzo nilitaka iundwe kamati moja ya kuwaamrisha wote, na nikagomba sana kikaoni. Nilikosea jamani, nani atamuamrisha mtu ambae hamlipi mshahara? Unaweza kupatana nae tu, na mapatano yakaandikwa.

Mwakani tunataka kukaa na watu wa maji na wa umeme kwa mtindo huo huo, na Pemba tunahitaji wawili wa kujitolea. Halafu ile simu ya zamu ya usiku bado iko kwangu na mke wangu kashachoka nayo, anaeitaka aseme leo kabla hatujanywa chai.