Mbona saa ya boti Mafia hubadilika kila siku?

"Wiki iliyopita mliondoka saa tatu, mbona sisi tunaambiwa saa saba?" Swali hili tunaulizwa karibu kila wiki. Jibu lake liko kwenye mwezi wa angani, ndio unaofanya maji ya bahari yajae na kupwa.

Safari nyingi za Hifadhi ya Bahari ya Mafia hufanyika Ghuba ya Chole. Ghuba hii hupokea maji ya bahari kuu kupitia milango iliyo kati ya visiwa na miamba, na maarufu zaidi ni Mlango wa Kinasi. Maji yakijaa, huingia safi na matumbawe huonekana vizuri. Yakipwa, hutoka na tope la mikoko, ukabaki kutazama mapezi yako. Pale mlangoni mkondo humshinda hata mwogeleaji hodari, ndiyo maana tunaingiza wageni majini mkondo ukielekea kusimama, si wakati unakimbia.

Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri, kwenye saa kumi hivi, na saa nne asubuhi pwani ya Utende imekauka. Boti imekaa juu ya mchanga, na kuifuata ni kukanyaga tope. Wiki ya maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na mkondo hupungua nguvu. Kama una watoto, au hujawahi kuvaa miwani ya kuzamia, chagua siku hizo, yaani siku ya nane hadi ya kumi tangu mwezi kuandama, au ya 22 hadi ya 25. Tutumie tarehe kabla hujakata tiketi, tukuangalizie.

Papa potwe, wale papa wakubwa wenye madoa, ni habari nyingine kabisa. Hao huonekana upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, zaidi kati ya Oktoba na Februari, kwa hiyo usije Julai ukiwatarajia. Julai kuna upepo wa kusi, na nje ya ghuba bahari huchafuka. Ukiwa majini nao, kaa mbali mita tatu au zaidi, usiwaguse, wala usikate njia mbele ya kichwa.

Miwani ikivuja, mara nyingi kosa si la miwani: ni nywele zilizoingia chini ya mpira, sharubu, au mkanda uliokazwa kupita kiasi. Ulegeze kwanza. Ikiingia ukungu, paka mate ndani, suuza mara moja, vaa. Badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, vaa fulana ya mikono mirefu. Mgongo ndio huungua, na hutasikia mpaka jioni.

Kiingilio cha hifadhi ni malipo tofauti na ya boti. Raia, njoo na kitambulisho cha taifa, kwa sababu viwango vya raia na vya wageni wa nje havifanani. Na tafadhali usisimame juu ya matumbawe ukichoka: inua mkono, boti itakufuata.