Yai Limerudi Zima: Barua ya Kufunga Muhula wa Pili

Kwa wazazi na walezi wote,

KUH: KUFUNGA MUHULA WA PILI

Salamu nyingi kutoka shuleni. Leo tunafunga, na kila mwanafunzi amekabidhiwa ripoti yake pamoja na barua hii. Naomba uisome mwenyewe mpaka mwisho, usingoje kusimuliwa. Nina jambo la kujivunia na nina mambo yaliyoniudhi, na sitaficha lolote.

Nianze na Jumamosi ya roketi. Mliofika uwanjani mlijionea, lakini wengi hamkufika, kwa hivyo acheni niwasimulie. Tulialika shule nne za jirani. Kila timu ilirusha roketi ya chupa ya soda ya lita 2, yenye maji ndani na hewa iliyojazwa kwa pampu ya baiskeli. Hakukuwa na moto wala baruti. Roketi ilitakiwa kubeba yai bichi la kuku, ipande mita 50, kisha ishuke kwa parachuti. Kila mita iliyozidi au kupungua ilikatwa alama, na yai likipasuka timu ilipata sufuri. Wazo la yai hatukulibuni sisi. Kule Marekani vijana wa shule wamekuwa wakishindana hivyo tangu 2003, ingawa wao hutumia injini za kiwandani na roketi zao hupanda mamia ya mita.

Timu yetu ilikuwa ya wanafunzi sita wa Kidato cha Tatu, wasichana wanne na wavulana wawili. Mruko wa kwanza ulipita kimo. Wa pili parachuti ilichelewa kufunguka, na yai likamwagika kwenye nyasi mbele ya wageni. Ulibaki mmoja tu. Msichana wa pampu alisimama presha ilipofika paundi 70 kwa inchi mraba, akaitazama geji mara ya pili, akarudi nyuma mpaka mwisho wa kamba, wakahesabu, akavuta. Uwanja mzima ulinyamaza. Roketi ilipanda wima, haikuyumba, ikafika kileleni kana kwamba imetulia pale, ncha ikachomoka na kile kitambaa cha buluu kikafunguka. Ilishuka polepole hadi karibu na goli la upande wa lango la shule. Wapimaji wawili walikuwa wamesimama mita 50 kutoka kwenye kirushio, kila mmoja upande wake, na kipima pembe chenye uzi na nati. Mmoja alisoma digrii 44, mwingine 45. Ile tanjenti ambayo wanafunzi huniuliza kila mwaka ina kazi gani maishani ikawapa wastani wa mita 49. Ukiongeza mita moja na nusu, kimo cha jicho la mpimaji, unapata mita 50 na kitu. Hiyo ni karibu nusu ya KICC, lile jengo refu la mikutano jijini Nairobi. Kisha nahodha akalipasua yai kwenye bakuli mbele ya waamuzi, na kiini kilikuwa kizima.

Tulishinda. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kulia mbele ya wanafunzi. Siku hiyo nililia.

Lakini kikombe kilichoko ofisini si ndicho kinachonifanya niandike kwa kirefu. Kilichonigusa ni daftari lao. Mlioziona roketi zao za kwanza mwanzoni mwa mwaka mnakumbuka zilivyokuwa zikipanda mita kumi, zinapinduka kama samaki aliyetolewa majini na kuanguka kichwa chini. Mwalimu wa Fizikia hakuwapa jibu. Aliwaambia waifunge roketi kwa uzi pale inapolalia sawa, waizungushe kichwani, watazame inaelekea wapi. Ikaenda kinyumenyume. Hapo ndipo walipoelewa kwamba uzito wa roketi lazima ukae mbele, na mahali ambapo hewa inaisukuma pakae nyuma. Wakaongeza udongo wa mfinyanzi kwenye ncha na kukata mapezi makubwa zaidi kutoka kwenye mabango ya plastiki ya kampeni yaliyobaki uzioni. Walipoizungusha tena, ilitangulia kichwa.

Wakarusha, wakaandika. Maji kiasi gani, presha kiasi gani, pembe ngapi, nini kiliharibika. Maji yakijaa sana, chupa inakuwa nzito na hewa ya kuyasukuma inakosa nafasi. Yakiwa machache, yanaisha kabla roketi haijashika kasi. Walifika kwenye thuluthi moja ya chupa kwa kujaribu, wala hawakusoma mahali. Mmoja wao aliona kwamba kila mara roketi inapita hesabu yao kwa mita chache, akaenda kutafuta sababu, akagundua kwamba kitabu walichotumia kinakadiria hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na inaizuia roketi kidogo zaidi. Mtoto wa miaka 16 aliligundua hilo uwanjani petu, akiwa na kalamu na viatu vilivyolowa.

Parachuti walishona kwa kitambaa cha mwavuli mbovu, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2017. Kirushio kilichongwa na fundi wa jua kali pale Kamukunji, kwa vipande vya bomba na valvu ya tyubu ya baiskeli. Kilivuja mara tatu na mara tatu walikirudisha. Fundi huyo hana cheti ukutani, lakini aliwafundisha kuziba nyuzi za bomba kuliko ambavyo ningeweza mimi. Namshukuru sana.

Katika gwaride la asubuhi niliwakumbusha wanafunzi kwamba mnamo tarehe 12 Desemba 1970, siku nchi yetu ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani. Bahari ilikuwa yetu, jina lilikuwa letu, ila roketi na setilaiti zilitoka ng'ambo. Setilaiti ya Taifa-1 ya mwaka wa 2023 ilisanifiwa na Wakenya, lakini nayo ilibidi isafiri mpaka California ili irushwe. Nilipowatazama wale sita mbele ya wenzao, niliwaza mbali.

Matokeo ya mitihani ya muhula yamo kwenye ripoti. Hisabati imepanda kidogo, Kiswahili kimebaki palepale, Kemia ya Kidato cha Pili hainiridhishi. Timu ya voliboli ilitolewa mapema. Vyoo vipya vimekamilika.

Sasa utoro. Ijumaa imekuwa kama siku ya mapumziko kwa baadhi ya familia. Mara ni safari ya mashambani, mara ni kumsaidia mama dukani, mara hakuna sababu kabisa. Mpimaji wetu mmoja alikosa mazoezi mawili ya Ijumaa kwa sababu alipelekwa harusini, na wenzake wakakosa vipimo vya upande mmoja. Kazi ya wiki nzima ikawa haina maana. Ukimtoa mtoto wako darasani, unawatoa na wale wanaomtegemea. Kuanzia muhula ujao, ruhusa ya Ijumaa itatolewa kwa mzazi atakayefika ofisini mwenyewe. Ujumbe wa simu hautakubaliwa.

Kuhusu karo nitasema wazi, maana nimesema kwa upole mihula miwili bila kufika popote. Malimbikizo ni makubwa. Anayetuletea mahindi na maharagwe ametudai tangu mwanzo wa muhula, na kwa wiki mbili tulipunguza chakula cha mchana. Watoto wenu walikula nusu sahani ya githeri, pamoja na wale ambao wazazi wao walilipa yote siku ya kwanza. Haki iko wapi hapo? Nimeandika barua, nimepiga simu, nimeahidiwa "mwisho wa mwezi" mpaka neno hilo likapoteza maana. Kuna mzazi ambaye simu yake huita bila kupokelewa, lakini siku ya mashindano alikuwa mstari wa mbele akimpiga mwanawe picha. Nilifurahi kumwona. Ningefurahi zaidi kama angepita ofisini, hatua thelathini tu kutoka pale.

Nimesikia pia yanayosemwa kwamba pesa za shule zimeliwa na roketi. Si kweli, na maneno hayo yamewaumiza walimu wangu. Chupa ziliokotwa. Mwavuli ulikuwa mbovu. Fundi na pampu walilipwa kwa mchango wa walimu kutoka mifukoni mwao. Hesabu yote iko kwa karani na kila mzazi anaruhusiwa kuiona.

Simfukuzi mwanafunzi kwa sababu ya karo kwa furaha. Yeye hana kosa. Ndiyo maana nakuomba wewe mzazi uje. Kama umepoteza kazi, kama kuna mgonjwa nyumbani, njoo tuzungumze, tupange hata shilingi mia tano kwa wiki. Fomu za basari za eneobunge zimekaa kwa karani tangu mwezi wa pili na nyingi hazijachukuliwa. Lakini anayeweza kulipa na halipi, ajue kwamba hatapata nafasi ya mtoto wake siku ya kufungua mpaka angalau nusu ya deni iwe imelipwa. Malipo ni kwa nambari ya shule pekee. Usimpe mwalimu pesa taslimu, wala usimpe mtoto.

Nimeacha mwishoni jambo lililoninyima usingizi. Wiki moja baada ya mashindano, wavulana watatu wa Kidato cha Pili walijificha nyuma ya stoo saa za michezo wakajaribu kutengeneza injini ya moto kwa bomba la chuma. Bomba lilipasuka. Kipande kimoja kilitoboa bati la stoo. Mvulana mmoja aliungua kiganja. Anaendelea kupona, tunamshukuru Mungu. Upande wa pili wa bati lile, dakika chache kabla, mpishi wetu alikuwa anapima maharagwe.

Wavulana walipewa adhabu ya wiki mbili nyumbani na wazazi wakaitwa. Wawili walikuja, wakasikiliza, wakaomba radhi. Wa tatu alikuja kunifokea. Alisema mbele ya naibu wangu kwamba sisi ndio tuliowafundisha roketi, kwamba mwanawe ameonyesha ubunifu, na kwamba shule inaua vipaji. Siku hiyo nilinyamaza. Namjibu sasa, pamoja na waliorudia maneno hayo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Mchezo huu wa roketi ndogo ulizaliwa Marekani miaka ya 1950 kwa sababu vijana kama hawa walikuwa wakijiumiza na kufa. Walijaza baruti kwenye mabomba majumbani, na mabomba yakalipuka mikononi mwao. Orville Carlisle, mwenye duka la viatu kule Nebraska, na G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha makombora, walitafuta njia ya kuwaokoa bila kuwakataza kuota. Njia yenyewe ilikuwa hii: mwanafunzi haundi injini kamwe. Injini hutengenezwa kiwandani, hupimwa, na huandikwa nguvu zake juu yake. Ukiona C6-5, herufi ni kiwango cha nguvu yote, 6 ni wastani wa msukumo kwa kipimo cha nyutoni, 5 ni sekunde za kusubiri kabla parachuti haijatoka. Mwili wa roketi ni karatasi, mbao nyepesi na plastiki. Chuma hakitumiki, kwa kuwa kikipasuka kinakuwa risasi. Roketi huwashwa kwa umeme, watu wakiwa mbali. Hapa kwetu, Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, hairuhusu mtu kutengeneza kilipuzi bila leseni. Sisi tulichagua maji na hewa tukijua hayo yote.

Basi usiniambie kwamba watatu wale walifanya walichofanya wale sita. Wale sita walivaa miwani, walivuta kamba wakiwa mita kumi, hawakupita paundi 70 hata siku moja, na waliandika kila mruko ulioharibika. Watatu hawakuandika kitu, hawakumwambia mtu, na walitafuta mahali ambapo mwalimu hawezi kuwaona. Kijana anayejificha anajua kwamba analofanya ni kosa. Mzazi anayemtetea anamfundisha kujificha vizuri zaidi mara ya pili.

Sitaifunga klabu. Nimeombwa niifunge na nimekataa. Wavulana hao watatu watarudi, na wakitaka watajiunga nayo, lakini muhula mzima watakuwa walinzi wa kamba ya usalama na hawatagusa pampu. Kila mwanachama ataleta fomu ya kanuni iliyosainiwa na mzazi. Nitakagua mwenyewe kila saini, na atakayesaini bila kusoma nitamjua kwa maswali nitakayomuuliza.

Shule itafunguliwa tarehe iliyotangazwa na Wizara ya Elimu. Hakuna masomo ya ziada likizoni. Sare iwe kamili, na nywele ziwe fupi.

Jambo la mwisho ni ombi. Timu inaanza kujenga roketi ya mayai mawili. Tafadhali mpe mtoto wako chupa safi za plastiki za lita 2, zisizo na mikunjo wala mikwaruzo, kwa sababu chupa iliyochubuka inaweza kupasuka ikijazwa hewa. Na kama mvua za mwaka huu zimekuvunjia mwavuli, usiutupe.

Wako katika kazi ya elimu,

Mwalimu Mkuu