Kwa vijana wa bandari ya Kilindini, Mombasa: kengele haizimwi kwa neno "vigae"

Wanangu mnaoingia kazi ya ulinzi wa nyenzo za nyuklia, asalaam aleikum.

Naandika nikiwa na hasira. Lori linapita kwenye nguzo za kupimia mionzi, kengele inalia, kijana anaibonyeza inyamaze na kuandika "vigae". Hata kwenye kiti hakunyanyuka. Kesho vigae, kesho kutwa vigae.

Ni kweli, vigae huliza kengele, maana vina mionzi kidogo ya asili. Mbolea ya potasiamu nayo huiliza, na granaiti, hata dereva aliyetoka kutibiwa kwa dawa ya mionzi. Lakini mzigo wa vigae hujulikana kwenye grafu: hupanda kontena linapoingia, ikaenda sawasawa kichwa hadi mkia, ikashuka. Chanzo cha mionzi kilichofichwa husimama mahali pamoja kama mnara. Sasa wewe ambaye grafu hukuitazama, ulijuaje ni vigae?

Rudisha lori lipite mwendo wa miguu. Mnara ukitokea pale pale, liweke kando, ondoa watu, tembeza kipimo cha mkononi ubavuni mwa kontena. Panapopiga zaidi, kiache kitulie dakika chache kisome isotopu, yaani aina hasa ya kitu kinachotoa mionzi. Kikisoma sesiamu 137, ambayo hutumika kwenye mashine za hospitali na viwanda, na hati zinasema vyuma chakavu, mlango usifunguliwe. Waite Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Kule Goiânia, Brazil, mwaka 1987, chanzo cha sesiamu kilichoachwa kwenye kliniki kiliishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Unga wake uling'aa buluu gizani, watu wakagawiana kama tunu. Wanne walikufa, na zaidi ya 100,000 wakapimwa.

Nguzo zina kengele mbili: ya gamma, ndiyo hiyo ya vigae, na ya nyutroni, chembe zinazotoka kwa vitu kama plutoni. Kengele ya nyutroni ni habari nyingine. Vigae havitoi nyutroni za kuiliza. Huenda ni kipimo cha unyevu cha mafundi wa barabara, na hicho husafiri na hati zake. Hati hakuna? Waamsheni wakubwa, hata saa nane za usiku.

Kengele ikinyamaza pia msilale, maana ukuta mnene wa madini ya risasi huzuia mionzi ya gamma: tazameni uzito na picha ya eksirei. Someni Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha za nyuklia Afrika, na Azimio 1540 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2004, la kuzuia silaha hizo zisifike mikononi mwa magaidi. Wekeni akilini vipimo hivi, kiasi ambacho huhesabiwa kuwa kinaweza kutosha bomu moja: kilo 8 za plutoni, au kilo 25 za urani 235 ndani ya urani iliyorutubishwa sana. Jifunzeni vipuri: mwaka 2003 meli BBC China ilielekezwa Taranto, Italia, ikiwa na vipuri vya mashine za kurutubisha urani vilivyokuwa vikienda Libya. Vipuri hivyo havilizi kengele. Hukamatwa na anayesoma hati.

Nasi wakubwa tuna lawama. Tunahesabu kontena zilizotoka kwa zamu, kengele zilizochunguzwa hatuzihesabu. Kijana akizuia lori nusu saa, wakala wa mizigo anapiga simu kwa wakubwa, na anayefokewa ni kijana. Wanangu, wekeni daftari: saa, namba ya kontena, kipimo, isotopu, jina lako. Wakala akija juu, mfungulie ukurasa huo asome.